Bibi Alionja Kwanza

Miaka ile mapengo yangu ya mbele yalipokuwa hayajajaa, nyumbani kwetu Nyakabanda, Kigali, hakuna mgeni aliyekabidhiwa kikombe kabla aliyekileta hajakinywa yeye kwanza. Unaleta chai, unapiga funda moja, unameza mgeni akikutazama, ndipo unampa kwa mikono miwili. Kwa Kinyarwanda wanaita gusogongera, na maana yake haihitaji kuhubiriwa: ninachokupa nimekinywa mimi, kama kina sumu basi tumekwisha sote. Siku hizi nawaona vijana kule Kiyovu kwa matajiri wakinywa juisi iliyoletwa na mhudumu wasiyejua hata jina lake, wala hawana habari. Bibi yangu angewaona angeshika kichwa.

Naanza na vikombe makusudi. Nikisema tu kwamba shangazi yangu aliwahi kuugua akili, watu hunikatiza, wanataka majini. Jamani, ngojeni. Majini yatakuja, na mimi mwenyewe niliyaamini mpaka nikahamisha mkeka wangu.

Mama yangu alifariki nikiwa sijajua kutembea. Nililelewa na Baba, fundi cherehani Yusufu, aliyekuwa na chumba cha kushonea kinachotazama barabara. Na Bibi, mama yake Baba, ambaye akigomba alisikika mpaka bondeni. Na Shangazi Zaina, mdogo wake Baba, aliyenibeba mgongoni hata nikamzoea kiasi kwamba mpaka leo nikijikwaa namwita yeye. Baba alikata na kushona, Shangazi akatengeneza matundu ya vifungo na kupiga upindo. Matundu yake yalikuwa safi mno, wateja walikuwa wakigeuza nguo ndani nje ili wayatazame. Usiku tulilala chumba kimoja mimi, yeye na Bibi, mimi katikati.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Hakuna aliyeshtuka, maana kwetu watu wazima wengi walikuwa na sababu zao za kutolala na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kisha Shangazi akaanza kusema kwamba cherehani ya Baba inamtaja jina. Baba akikanyaga, yeye anaziba masikio. Siku moja tulimkuta amekata vifungo vyote vya sare za shule zilizokuwa tayari, amevitumbukiza kwenye ndoo ya maji, eti kuna mtu amevitilia kitu. Halafu akagoma kula. Alinusa kila sahani. "Wamenitilia," alisema, na ukimuuliza nani, anakutazama kana kwamba wewe ndiye unayejua. Alikula kwenye sahani yangu tu, nikishaanza mimi. Nami, mjinga wa Mungu, niliona fahari! Nilidhani ananipenda kuliko wote.

Barabara yetu ilikuwa na majibu. Waislamu wenzetu walisema majini, Wakristo wakasema mapepo, na wote wakakubaliana kwamba huenda amerogwa. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mama mmoja alimuuliza Baba mbele yangu, kwa sauti ya chini kama anayeulizia msiba, "Hii nguo ya mwanangu, yule naye ameigusa?" Baba akasema hapana. Ilikuwa uongo, na nilimwona jinsi alivyoinamisha uso kwenye kitambaa.

Mwenye neno kubwa alikuwa Mama Sifa, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara. Naomba msimchukie. Alikuwa mtu mwema, alituletea uji wa mtama siku za shida, akiuonja kwanza kama inavyotakiwa. Lakini alikuwa na uhakika wa mambo. Alikaa barazani kwetu, akamnong'oneza Bibi huku mimi nikijifanya nafunga uzi kwenye kibao.

"Mama Yusufu, ile kitu iko ndani ya mutoto wako haifi. Hata muiende wapi, hata muipige dawa gani. Ukiifukuza kwake, inaingia kwa mutu iko karibu naye."

Mtu wa karibu. Nililala katikati, nani wa karibu kuliko mimi? Usiku huo nilivuta mkeka wangu mpaka mlangoni. Bibi akaniuliza kulikoni, nikasema kuna joto. Kigali, msimu wa mvua, joto!

Kisha Shangazi akatoka nje kichwa wazi, akasimama katikati ya barabara akisimamisha pikipiki na kuwaambia madereva wasipeleke habari zake. Wapo waliocheka. Baba aliacha mkasi mezani, akamfunika kitenge, akampeleka hospitali. Alilazwa huko kwa muda, nami nikaambiwa yuko safarini. Aliporudi alikuwa mpole, mnene kidogo, na Baba alikuwa na bahasha ndogo ya vidonge. Kimoja kila jioni, bila kuruka, ndivyo walivyoagizwa. Baba akamkabidhi Bibi kazi hiyo, akarudi kwenye cherehani yake akiamini mambo yamekwisha.

Jioni ile ya kwanza Shangazi alikitazama kidonge kiganjani mwa Bibi, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Wamekupa wao," alisema. "Hata wewe, Mama, wamekutuma."

Bibi hakubishana. Alipiga bismillahi, akatoa kidonge kingine kwenye bahasha, akakitia mdomoni, akanywa maji, akameza, akafumbua kinywa na kuinua ulimi kama mtoto anayeonyesha jino linalouma. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, huku kidonge, huku kikombe. Shangazi akasubiri kidogo kuona kama mama yake ataanguka. Hakuanguka. Akameza.

Nililiona hilo jioni ile, na jioni iliyofuata, na kila jioni baada ya hapo. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na cha kusema. Bibi alionja chai, alionja uji, sasa anaonja dawa. Ningesema nini, kwamba Bibi ana adabu?

Na Shangazi akapona. Nasema akapona kwa maneno yetu ya wakati ule, mtaniwia radhi. Alilala. Cherehani ikaacha kumwita. Akashika tena sindano, mwanzoni mikono mizito, baadaye matundu yakarudi kuwa matundu. Siku moja akanitania kuhusu mapengo yangu, nikakimbia jikoni nikalia, na sikujua ninalia nini.

Lakini sasa Bibi. Bibi, ambaye alikuwa akimgombeza mpita njia kwa kutema mate, akanyamaza. Mchana alilala mkekani, tasbihi imemtoka vidoleni, udenda ukimtiririka. Alipoamka alitembea akiburuta miguu. Mikono ikatetemeka hata chai ikawa inamwagika kabla ya kufika kwa mgeni. Na uso wake, uso uliokuwa unacheza kila wakati, ukakauka kama nguo iliyopigwa wanga. Ukimwambia jambo la kuchekesha, anakutazama tu. Niliwahi kumshika mashavu kwa mikono yangu nikayavuta yacheke. Hayakucheka.

Mama Sifa alikuja na uji wake, akamtazama Bibi, akaweka bakuli chini na kupiga makofi mara moja.

"Si niliwaambia? Imehama!"

Nani angembishia? Mmoja amesimama, mwingine ameanguka. Lilikuwa mbele ya macho yetu sote. Baba alikuwa mtu wa kusali na kufanya kazi, hakupenda habari za majini, lakini nilimwona akimtazama mama yake, kisha dada yake, kisha mama yake tena, kama fundi aliyepewa vipimo viwili vya mtu mmoja. Mama Sifa akasema dawa ndiyo iliyokisukuma kile kitu, waache dawa. Baba akaichukua bahasha, akaiweka juu ya kabati.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana ndilo lililonivuruga kichwa kwa miaka. Baada ya siku chache Bibi alianza kuamka. Miguu ikainuka. Mikono ikatulia. Asubuhi moja nikasikia akimgombeza mpita njia, nikafurahi karibu niruke. Na wiki hiyohiyo Shangazi akaanza tena kunusa chakula. Akaacha kulala. Akaweka kidole kwenye gurudumu la cherehani na kumwambia Baba, "Mwambie anyamaze."

"Imerudi kwa mwenyewe," alisema Mama Sifa, na safari hii hakupiga makofi. Alisikitika kweli. "Ihangane, Yusufu. Pole sana."

Kila kitu kilikubaliana. Hapo ndipo ninapowaonea huruma wote, nikiwemo mimi. Lingekuwa neno la kijinga tungelicheka, lakini lilitabiri sawasawa, kwenda na kurudi. Lisemwalo lipo, walisema, na sisi tulikuwa tumeliona kwa macho.

Palikuwa na mtu huko ng'ambo ya mto Nyabarongo, watu walimsifu kwamba anayafunga. Nilidhani anafunga majini. Baadaye nikawasikia wakubwa wakisema anafunga watu: mikono kwa kamba, kwenye kibanda, mpaka kile kitu kichoke na kutoka. Wengine walikaa kwake hata familia zikawazoea huko. Baba akakubali. Leo nina watoto, naelewa kidogo: alikuwa na mama mmoja na dada mmoja, na aliambiwa hawezi kuwa nao wote wawili. Akachagua mama. Shangazi Zaina akafungiwa nguo zake kwenye kitenge, na mimi nikajua kwamba aliyenilea anaondoka na huenda nisimwone tena.

Gari lilikuja asubuhi, teksi ya kukodi. Dereva hakutaka kuzima injini. Baba alikuwa amefunga chumba cha kushonea, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa. Shangazi alikaa kwenye benchi barazani, akinishika mkono kwa nguvu mpaka unauma. Mama Sifa alisimama kwenye magunia yake akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Bibi akatoka ndani na ile bahasha. Alikuwa ameiangua juu ya kabati kwa mwiko wa ugali.

"Yusufu," alisema, "huyu haendi."

"Mama, tumeshazungumza."

"Mmezungumza ninyi. Mimi nilikuwa nimelala, si mlisema? Sasa niko macho. Mpe dawa yake, kile kitu kije kwangu."

"Mama!"

"Kije kwangu, nimesema. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Nimezaa, nimezika, nimehiji kwa moyo kama si kwa miguu. Huyu bado ana matundu ya kushona. Kama kinataka mtu wa karibu, mimi ndiye wa karibu, nilimbeba tumboni. Nikilala mchana kutwa, nifunikeni kitenge, mwendelee na kazi zenu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hunena watu, na mara nyingi hunena ovyo. Mimi niliuona siku ile. Bibi aliamini kabisa. Alijua, kwa jinsi alivyojua yeye, kwamba anafungua mlango jini liingie kwake, na aliufungua kwa mikono yake yenyewe. Akatoa kidonge. Akapiga bismillahi. Akakimeza, bila maji safari hii, akafumbua kinywa, akainua ulimi. Kisha akatoa kingine, akamnyooshea Shangazi kwa mikono miwili.

Baba alikuwa ameshika mlango wa gari. Akauachia.

"Mama, umemeza nini?"

"Nimeonja."

"Umeonja nini?"

"Dawa, we Yusufu! Ulitaka nimpe mtu kitu mdomoni bila kukionja? Nani alikulea?"

"Kila siku?"

"Anakunywa kila siku, nami naonja kila siku. Kwani chai unaonja ya Jumatatu tu?"

Baba alinigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. "Zulfa, ni kweli?" Nikasema ndiyo, anaonja kila jioni, kimoja chake kimoja cha Shangazi. Nilishangaa kwamba hajui. Wote walikuwa na macho!

Baba akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti, na suruali yake safi. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka dereva akazima injini kuja kutazama, halafu sauti ikabadilika na mabega yakawa yanatikisika vingine, nami nikaogopa kuliko nilivyoogopa jini, kwa sababu sikuwahi kumwona baba yangu akilia. "Ndiyo maana dawa zilikuwa zikiisha upesi," alikuwa akisema. "Nami nikadhani nilipunjwa." Mimi sikuelewa chochote. Bibi ameonja dawa, Baba analia, gari linaondoka tupu, Shangazi amebaki: nilijua nifurahi, ila sikujua nifurahie nini.

Gari lile halikwenda Nyabarongo. Siku iliyofuata Baba aliwapeleka wote wawili hospitali, nami nikawa nimeng'ang'ania kanzu yake. Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho bila kucheka, Mungu amlipe. Alimweleza Bibi kwamba dawa ile imepimwa kwa mgonjwa wake. Ikimwingia mzee asiye na ugonjwa huo, inamlaza, inamkaza misuli, inamtetemesha. Hakuna kilichohama. Kisha akamwambia Baba, na sauti yake ilikuwa kali kidogo, asimcheke mama yake, kwa sababu wagonjwa wengi wanaodhani wamewekewa sumu hawamezi hata kidonge cha kwanza. Huyu alimeza kwa sababu ya bibi huyu.

Bibi hakuridhika. "Kwa hiyo nimpe bila kuonja? Kama mbwa?"

Wakajadiliana kama watu sokoni. Mwishowe Bibi mwenyewe akapata njia: ataonja maji.

Jioni hiyo nililala nikitazama. Bibi alipiga funda la maji, akameza, akanyoosha glasi na kidonge. Shangazi alikitazama kidonge muda mrefu.

"Na hiki?"

"Hicho chako peke yako, mwanangu. Mimi kimenikataa."

Shangazi akacheka, kicheko kidogo cha puani, akameza. Nikarudisha mkeka wangu katikati.

Mama Sifa tulimweleza. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mnh. Lakini si kweli kitu kilitoka kwa mumoja kikaenda kwa mwingine?"

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa. Kabla ya hapo, tukichambua mchele, nilimuuliza kama hakuwahi kushuku kwamba ni vidonge vinavyomwangusha. Maana alikuwa akiona. Kila jioni anameza, kila asubuhi miguu mizito zaidi. Alichambua kidogo, akatupa jiwe.

"Nilijua kuna kitu kinanishika," alisema. "Kama ni kidonge au ni jini, sikujua. Kwani ningejua ningefanya nini, nimwache?"

Mimi nimelizungusha jibu hilo tangu siku ile. Alikosea dawa, alikosea ugonjwa, karibu ajiue kwa adabu. Na kama asingekosea, Shangazi Zaina asingemeza. Nikijaribu kuwasimulia watu kwa mpangilio, nani alikuwa mwerevu na nani mshamba, hadithi inanikatikia katikati.

Shangazi anaishi na mimi sasa, mtaani Kibagabaga. Anashona, matundu yake bado yanageuzwa ndani nje. Aliwahi kuacha dawa, mtu alipomwambia kwamba za vichaa zinakula ubongo, na tukarudi tulikotoka, kwa shida kubwa. Hakuacha tena. Wageni huniuliza kwa sauti ile ile ya chini, "Bado anameza?" Mwenye sukari anameza mpaka kaburini na hakuna anayemnong'onea! Mimi nawajibu kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, kama Bibi: ndiyo, anameza, na chai mtakunywa?

Jioni, baada ya kula, anatoa kidonge chake mwenyewe, anajaza glasi, halafu ananinyooshea. Ananitazama tu, na pembe ya mdomo wake ina kitu ambacho sijawahi kukisoma vizuri, labda utani, labda ile hofu ya zamani ambayo bado ina kipande chake humo ndani. Nimeishi naye miaka yote hii na sijui, na sitamuuliza. Napiga funda langu, nameza akiniona, namrudishia glasi kwa mikono miwili.